Mwaka Tulionong'ona kwa Ajili ya Hamsta

Mwezi uliopita Mama Furaha aliingia dukani kwangu Sydenham na fimbo yake na koti zito la Kanada, hapa Durban jua likiwaka la kukausha dagaa, na kabla hajanisalimu akasimama mbele ya vizimba vya hamsta akaanza kuvipitia kwa kidole. Kila kizimba mmoja. Akageuka akanitazama kwa jicho lile lile la zamani. "Mudogo wangu," akasema, "mpaka leo unabafunga moja moja kama bafungwa?" Nikamwambia karibu kwanza, kiti hiki, maji haya. Akasema maji baadaye, jibu kwanza. Hatukuwa tumeonana tangu alipopata karatasi za kwenda kuishi ng'ambo, wakati huo mwanangu wa kwanza bado namfunga mgongoni, na neno lake la kwanza baada ya miaka yote hiyo likawa ugomvi tuliouanza kwenye jiko la Albert Park. Nilicheka mpaka mteja mmoja akaona bora atoke. Mimi si mtu wa kurudi nyuma. Shule niliishia darasa la tatu, na mambo ya kwetu Ujiji, nani alimzaa nani, nayaacha huko huko, hayamhusu mtu. Lakini alipoondoka jioni ile nilikaa kaunta peke yangu, mwaka ule mzima ukanijia. Chochote ninachokijua nimekijua kwa kutazama, na kitu cha kwanza nilichokitazama mpaka nikakielewa kilikuwa mnyama mwenye ukubwa wa andazi.

Mwaka ule nilikuwa nimepanga pazia. Sisemi chumba, nasema pazia. Flati ilikuwa Albert Park, ghorofa ya saba, lifti imekufa siku nyingi, vyumba viwili na sebule, na ndani yake watu wanane waliotenganishwa kwa mashuka na vitenge vilivyoning'inizwa kwenye kamba. Ukikohoa, mtu wa pazia la pili anakwambia pole. Aliyekuwa ameikodi flati kwa jina lake ni Mama Furaha, msusi kutoka Bukavu, mwanamke mfupi mwenye mikono yenye nguvu kama ya mkanda unga, kwa hiyo sheria zilikuwa zake. Sheria ya kwanza ilikuwa ya chakula. Hakuna kujipikia. Kila mtu alitoa chake, sufuria ikawa moja, sombe, yaani kisamvu, au makayabu, samaki wa chumvi, na fufu kubwa, ugali wa muhogo, katikati, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia nyuma ya pazia lake na sahani. "Kwetu mutu anakula peke yake ni mulozi," alisema, na mulozi kwa lugha yao ni mchawi. Jirani yangu wa pazia alikuwa Nestor, Mrundi, mlinzi wa magari kule ufukweni, kijana mrefu mwenye fulana ya njano inayong'aa, mwimbaji wa kwaya, ambaye kila jioni alijifanyia mazoezi ya sauti ya nne mpaka ukuta unatetemeka. Mama Furaha akimwambia, "Nestor, Mungu haiko kiziwi," na Nestor akijibu, "Mama, wewe ndiye unayetwanga sombe kama unavunja nyumba, yeye atanisikiaje?" Nililala nikisikiliza hayo. Jumapili nilisikia pia Mama Furaha akirudi kutoka kwenye simu ya barabarani, akikaa kitandani. Wanawe wawili alikuwa amewaacha kwa mama yake Bukavu akingoja karatasi. Hakuwahi kutuambia. Lakini nyuma ya pazia hakuna siri, kuna heshima tu ya kujifanya hujasikia.

Kazi nilikuwa nimeipata kwenye duka la wanyama wa kufugwa la Anko Ebrahim, huku huku upande wa Sydenham. Huyu alikuwa Mhindi mzaliwa wa Durban, mzee mwembamba mwenye kofia ya kufuma na sweta hata kiangazi, na nadhani alinichukua kwa sababu niliingia na salamu aliyoijua. Kila mteja alimwita anko, na mimi nikamwita anko. Alinipa ndoo na mopu. Nilipiga deki, niliosha matenki ya samaki, nilifagia chini ya ndege, na nilikatazwa kusimama nyuma ya kaunta hata kwa kupita. Ukutani ndipo nilipowaona hao hamsta. Nilidhani ni watoto wa panya buku, wale wetu wanaobeba karanga mashavuni, ila hawa mkia walikuwa hawana wa kutaja na rangi yao ilikuwa ya mandazi yaliyoiva vizuri. Mchana wote walilala kama mawe. Nikawa najiuliza, mzungu gani anatoa pesa yake kununua kitu kinacholala? Jioni nikipiga deki ya mwisho ndipo walipoamka, na nikajua kwa nini watoto wanawalilia. Mmoja alichukua mbegu za alizeti zote kwenye bakuli, moja baada ya moja, akazisukumia shavuni kwa mikono yake miwili, mpaka kichwa kikawa kipana kuliko mwili. Akaenda kwenye kona yake, akabonyeza mashavu, mbegu zikamwagika zote, akazifukia kwenye maranda. Kisha akarudi kwenye bakuli kuangalia kama nimeongeza. Nilisimama na mopu yangu. Niliona mtu mwenye akili.

Nikaanza kuwauliza wenyewe maswali, maana Anko alikuwa bahili wa maneno. Niliweka kidole kwenye waya, nikaona wananusa kabla hawajatazama. Macho yale makubwa meusi ni mapambo, hawaoni mbali. Ukimshika ghafla kutoka juu anakung'ata, maana kwake kitu cha juu ni mwewe. Ukimwacha aje mwenyewe kwenye kiganja, anakuja. Meno yake hayaachi kukua, usipompa kijiti cha kutafuna yatamziba mdomo. Kazi yake ni kukimbia, gurudumu lile analizungusha usiku kucha kama ana safari, na alfajiri yuko palepale alipokuwa. Anko aliniona nikitazama. Siku moja, mtu aliyekuwa akimletea hamsta alipohama mji, Anko aliweka vizimba viwili juu ya kaunta, dume kimoja, jike kingine, akaniambia kwa Kiingereza chake cha haraka, ambacho nakiandika kwa lugha yangu: "Hapa dukani pana kelele, hawazai. Wapeleke kwako. Usiwaweke pamoja mpaka nikwambie. Ukiniletea watoto wanaoishi, mopu naitafutia mtu mwingine, wewe unakuja kaunta. Wakifa, usiniombe tena." Niliviinua vizimba vile nikavikumbatia kifuani. Wengine hawataelewa. Mtu wa mopu katika mji wa watu anaweza kuzeeka na mopu yake. Kaunta ilikuwa mlango, na sikuwa nimeuona mwingine.

Flati nzima ilikuja kutazama. Nestor alisema sha, huyu ni panya aliyekwenda saluni. Mama Furaha hakucheka. Alichuchumaa, akatazama muda mrefu, kwa sababu yeye alikuwa mtu wa wanyama. Kwao Bukavu kila jiko lina kobayi, wale wanaoitwa kwetu simbilisi, wanazurura chini ya meza wakila maganda ya ndizi, ishirini, thelathini, wote pamoja, wakilia wii-wii mama anapoingia na majani. Alikuwa amewafuga tangu utoto na aliwajua kama unavyojua mboga yako. Akaniuliza, "Juu ya nini huyu iko hapa, na mwenzake iko kule?" Nikasema ndivyo bosi alivyoagiza. "Bosi wako bibi yake alimukimbia?" Nikasema sijui habari za mke wake. Akaona jike linaficha chakula kwenye maranda, akatikisa kichwa. "Anakula peke yake, anaficha, usiku halali. Mudogo, hii nyama ni mulozi. Umutafutie mwenzake afundishwe tabia." Tukacheka wote, nikaviweka vizimba juu ya kabati langu, nikasahau. Yeye hakusahau.

Niliporudi kutoka kazini siku chache baadaye nilijua kabla sijafika juu, maana Nestor alinipokea kwenye ngazi ya ghorofa ya tano akaniambia, "Dada Mwajuma, kwanza usikasirike." Mama Furaha alikuwa amekaa jikoni na dume kwenye taulo mapajani. Sikio moja lilikuwa limechanika, jicho limevimba, na mgongoni damu. Akanieleza bila kunitazama. Jua lilipoanza kushuka aliwaona wamesimama kila mmoja kwenye waya wake wakinusa upande wa mwenzake, roho ikamuuma, akamtia dume kwa jike. Mwanzoni jike lilisimama limekakamaa, mkia juu, kama limegandishwa. "Nikasema aah, bamesikilizana. Nikarudia sombe yangu." Kisha akasikia kelele kama ya mtoto anayebanwa na mlango. Jike, ambalo ni kubwa kuliko dume, lilikuwa limemsukuma kwenye kona na kumshukia kama deni la zamani. Aliingiza mkono kuwaachanisha akang'atwa yeye pia. Nilisema maneno mengi jioni ile ambayo siyarudii. Nilimwambia ameniua. Nilimwambia sheria zake za sufuria apeleke kwa watu, si kwa wanyama wa bosi. Yeye aliosha kidonda cha dume kwa maji ya chumvi, tone kwa tone, na chakula kilipoiva hakula. Ndiyo mara ya kwanza kumwona asile.

Kesho yake nilimwambia Anko yote, dume mkononi. Alimgeuza geuza, akauliza jike lilisimama kweli limekakamaa? Nikasema ndivyo alivyosema mama mwenye nyumba. "Basi kaa usubiri," akasema. "Usimguse. Mkono wako usiingie kabisa." Akarudi kwenye bani yake ya maharage, ule mkate wa Durban unaochimbwa katikati na kujazwa mchuzi, akaimega, mazungumzo yameisha. Usubiri nini, na mpaka lini, hakusema. Sikuuliza, kiburi kilinizuia. Nikawa namtazama jike analimbikiza karatasi, anachana gazeti vipande vipande, anajenga kitu kama kiota cha ndege, tumbo linaning'inia. Mama Furaha, ambaye tulikuwa bado hatuongei ila kwa salamu, alisema kwa sauti akiuambia ukuta: "Kobayi inabeba miezi miwili na zaidi. Bado sana."

Hazikupita hata wiki tatu tangu ile siku ya ugomvi. Alfajiri, Nestor yuko na fulana yake ya njano tayari kwenda kazini, nikasikia sauti nyembamba kama kiatu kipya. Nikawasha taa. Ndani ya kiota kulikuwa na vitu vyekundu, virefu kama ncha ya kidole, vipofu, havina hata unywele. Nikaita. Mama Furaha alikuja amejifunga kitenge kimoja, akatazama, akaweka mkono mdomoni. "Mimba imetoka," akasema. "Pole, mudogo. Mimba imetoka." Nikasema lakini wanasogea. "Banasogea juu bado banakufa. Mutoto ya kobayi anazaliwa na manyoya, macho wazi, saa ile ile anatembea anatafuta majani. Hii haiko mutoto, hii ni nyama ya ndani. Leta taulo, tubaweke karibu na jiko, labda Mungu atasaidia moja." Na hivyo ndivyo wanavyofanya kwao, mtoto wa mnyama akizaliwa kabla ya siku unampasha moto kwa mikono yako. Alijua alichokuwa akisema. Mimi sikujua chochote, nilikuwa na sentensi moja tu ya mzee bahili: mkono wako usiingie. Taulo alikuwa nalo tayari, mlango wa kizimba ameufungua, na hapo jike likamchukua mtoto wa kwanza likamtia mdomoni.

"Anakula batoto!" Mama Furaha alipiga kelele. Nestor akasema Yesu. Jike likamtia wa pili. Likamtia wa tatu. Niliona shavu linavimba na mguu mdogo mwekundu unaingia ndani. Mkono wa Mama Furaha ulikuwa umeshaingia nusu, nikaushika kwenye kifundo, na mimi nina nguvu, lakini yeye alikuwa msusi. Tulivutana pale. Nilimwambia mwache. Akasema anabamaliza! Nikasema mwache, na akiwamaliza nitabaki na mopu yangu, ni mimi, si wewe. Sijui niliamini nini. Nadhani niliamini mashavu yale, kwa sababu nilikuwa nimeyatazama miezi, na sikuwahi kuona kitu kinachoingia pale kikatafunwa kabla hakijatolewa. Akatoa mkono. Jike likatuangalia, kichwa kimekuwa kipana kama kikombe, likaenda kwenye kona ya giza iliyo mbali na taa, likabonyeza mashavu. Wakatoka. Mmoja mmoja, wamelowa, wanapiga miguu. Likarudi kuchukua waliobaki. Nestor alikuwa wa kwanza kusema, kwa kunong'ona: "Kumbe alikuwa anahama." Mama Furaha akakaa chini sakafuni pale pale. "Anakimbia sisi," akasema. "Kelele yetu."

Basi tukanyamaza. Sijawahi kuona jambo kama lile na nimeona mengi. Flati ya watu wanane, kila mmoja na lugha yake na hasira yake ya kutwa nzima mjini, ikazungumza kwa kunong'ona mpaka watoto wale wakafumbua macho. Nestor aliimba sauti ya nne kwa kutikisa midomo tu. Mama Furaha alibeba kinu chake ghorofa saba mpaka uani karibu na mapipa ya taka akatwangia sombe huko, msimamizi wa jengo akamfokea, eish mama, hapa siyo shamba, naye akamjibu kwa Kifaransa ili asielewe. Na pazia lake mwenyewe, kitenge kizito cha nta alichokuja nacho kutoka kwao, alilifungua akalitundika kuzunguka kabati langu ili giza likae. Yeye mwanamke mwenye haya akalala siku zote zile mbele ya watu. Hakuniomba msamaha kwa ajili ya dume, na mimi sikumwomba kwa maneno yangu. Asubuhi tulikuwa tukichungulia pamoja kwenye ufa wa kitenge, bega kwa bega. Siku moja manyoya. Siku nyingine masikio. Kisha mmoja, macho bado yamefumba, akatambaa mpaka kwenye mbegu akaitafuna. "Na meno!" Mama Furaha akaninong'oneza. "Amezaliwa na meno, hana nguo. Mungu alianza upande gani?"

Kilichobaki kilikuwa kuwatenganisha, na hapo akakataa. Nilimwambia Anko amesema wakikua kila mmoja kwake. Akasema ndugu ni ndugu, bamelala tumbo moja, hutabatawanya mbele yangu. Sikubishana. Nilijua anaongea habari za nani, na wewe msomaji unajua. Nikamwacha awatazame mwenyewe. Jioni moja nilirudi nikakuta hakuna kilichopikwa na watu wote wamesimama jikoni na njaa. Sufuria kubwa ilikuwa na hamsta. Sufuria ndogo ilikuwa na hamsta. Kikaango, bakuli la kuoshea mchele, ndoo ya unga, kila chombo cha flati ile kilikuwa na maranda, mnyama mmoja, na kifuniko kilichoegeshwa kwa kijiko apate hewa. "Bamepigana," akasema. Mikono yake ilikuwa na alama za meno. "Dada na kaka, bananyang'anyana sikio. Na mama yao, mudogo, nilimuangalia. Hakugeuka hata. Alikuwa anapanga mbegu zake." Hakulia. Alikuwa na uso wa mtu aliyeikagua hesabu ya mwingine akaikuta iko sawa. Tulinunua mikate, kila mtu akala wake amesimama, peke yake, na Nestor akasema leo wote ni wachawi, akapigwa kofi la mgongo.

Hapa dukani mwezi uliopita nilimuuliza Mama Furaha anaishije kule Kanada. Akaniambia wanawe walifika wote, wamesoma, mmoja mji huu, mmoja mji ule, yeye ana nyumba yake ndogo yenye joto la ukutani. "Nakula peke yangu," akasema. "Sufuria ndogo kama ya mwanasesere. Mwanzoni nililia. Sasa mutu akigonga mlango saa ya kula, nakasirika." Akasema hivyo akimtazama hamsta mmoja aliyekuwa ameanza kuamka. Nilitaka kumuuliza zaidi, maana hilo nalo ni jambo la kutazamwa. Mtu hubadilika, au alikuwa hivyo tangu mwanzo na sufuria kubwa ilimficha? Sijui. Yule hamsta amezaliwa hivyo. Kwetu sisi, sina hakika.

Mwaka ule, siku ya kuwapeleka watoto wale kwa Anko, Mama Furaha alikuja nami. Tulipanda teksi ya Sydenham na sufuria zimefungwa kwa vitenge, abiria wakatuachia nafasi wakidhani tunapeleka chakula msibani. Anko aliinua vifuniko kimoja kimoja, akawahamishia kwenye vizimba, na kabla hajamaliza akaingia baba mmoja amevaa tai, kamshika bintiye mkono. Binti akaelekeza kidole: huyu, na huyu. Baba akasema naam, wawili, kila mmoja awe na mwenzake, kizimba kimoja. Anko alikuwa ameinama na sufuria. Nikaingia nyuma ya kaunta. Sikuruhusiwa na mtu. Kwa Kiingereza changu cha mwaka ule, ambacho kilikuwa na maneno machache kama meno ya mtoto, nikamwambia mmoja tu. Akasema amesema wawili. Nikasema wawili watauana, chukua mmoja, au nunua vizimba viwili. Akamgeukia Anko: "Huyu wako wa kufagia ndiye ananipangia?" Binti akaanza kulia. Nilimtazama Mama Furaha nikingoja hata neno moja la kunilaumu. Alikuwa ameshika kifuniko cha sufuria kifuani. Nikarudia, mmoja. Yule baba akamvuta mtoto wake wakatoka, kengele ya mlango ikalia, na wateja wengine hawakuwapo. Nilikuwa nimetaka kaunta mwaka mzima, nimesimama pale dakika mbili, na nimemfukuza mtu wa kwanza.

Anko alimalizia kumhamisha wa mwisho. Akafunga mlango wa kizimba, akachukua magurudumu mawili kutoka kwenye rafu, moja dogo la bei rahisi, moja kubwa, akayaweka kwenye kaunta mbele yangu.

"Lipi niagize zaidi?" akauliza.

Nikamwambia kubwa. Dogo linawapinda mgongo.